Danilo Hakuwemo Kwenye Orodha

"Mama fundi, gemu yako imeniangukia tena! Zamu ya mia mbili na kumi, nikibonyeza tu kumaliza, pap, inajizima. Logi hiyo hapo. Siku nane zimebaki, mke wangu mtarajiwa. Nakupenda."

Ujumbe wa Darcy Penner ulimkuta Larissa Hnatiuk jikoni kwake mjini Brandon, Manitoba, saa nne asubuhi ya Jumamosi, kikombe cha kahawa mkononi, theluji ya Machi imeziba nusu ya dirisha. Akatabasamu peke yake kama mjinga. Nasema kama mjinga kwa sababu dakika tano baadaye tabasamu lile alilijutia.

"Kwani huko mgodini unachimba au unacheza?" akamjibu.

"Leo mapumziko. Nimejilaza hapa kambini, nje ni baridi ya kuua. Nihurumie."

"Pole. Ngoja nitazame."

Mchana Larissa alikuwa karani wa kliniki ya mifugo, anapokea mbwa wanaochechemea na paka wenye hasira. Jioni ndipo alipoishi. Kuna gemu moja ya vita vya kale inayouzwa dunia nzima, na ndani yake ufalme wa Bosporo, wale wakulima wa ngano wa kaskazini mwa Bahari Nyeusi, ulipewa aina tatu tu za askari na mji mmoja wa hovyo. Larissa, ambaye babu wa babu yake alitoka pande hizohizo kuja kulima ngano Manitoba, aliona ni matusi. Akaifungua gemu, akaanza kuijenga upya: ngao, mahekalu, maghala, majina ya wafalme. Kazi ya namna hiyo wenyewe wanaiita mod. Alikuwa ameifanya miaka kumi na moja, bure, na watu elfu arobaini walikuwa wanaicheza.

Darcy alikuwa mmoja wao. Miaka tisa iliyopita aliandika kulalamika kwamba gemu inajizima, Larissa akamjibu kama anavyowajibu wote: leta logi. Logi ni faili ambalo gemu inajiandikia yenyewe, kila ikiwashwa, hatua kwa hatua mpaka inapokufa. Kwa watu wa mod hiyo ni sheria, hakuna logi hakuna msaada. Darcy akaleta logi, kesho yake akaleta nyingine, wiki ya tatu akaleta maua. Tangu hapo, gemu ikimwangukia, mkono wake ulituma logi kwa Larissa bila hata kufikiri.

Na hapo ndipo alipojichongea. Mchezaji huisoma logi kutoka chini, penye kosa. Fundi huanzia juu.

Mstari wa kwanza ulionyesha gemu imewashwa kwenye kompyuta ya nani. Mtumiaji: Shawna.

Larissa akaweka kikombe chini. Akashuka mpaka mstari wa nne. Aina ya kampeni: wachezaji wawili, kompyuta moja. Mchezaji wa kwanza: Darcy. Mchezaji wa pili: Shawna. Kampeni imeanza tarehe tisa Oktoba.

Hakulia. Alivuta kiti, akakaa, akampigia Gord MacIsaac, mwalimu mstaafu wa Halifax aliyekuwa akimchorea ramani tangu mod ikiwa na mji mmoja.

"Mzee Gord, upo?"

"Nipo, mwanangu. Napigana na mto, hautaki kuingia baharini."

"Nakutumia logi. Soma mistari mitano ya juu, halafu uniambie kama mwendawazimu ni mimi."

Akasikia kiti cha mzee kikilia.

"Logi ya nani hii?"

"Ya Darcy."

"Mh." Mzee akakohoa. "Labda ameazima laptop ya mtu kambini."

"Ndivyo alivyoniambia. Yake kaiacha hapa sebuleni, eti mwezi huu atatumia ile ya chumba cha mapumziko."

"Si ndiyo hiyo?"

"Chumba cha mapumziko kinaitwa Shawna?"

"Lari..."

"Tangu Oktoba, mzee! Zamu mia mbili na kumi! Unajua zamu mia mbili na kumi za watu wawili ni saa ngapi? Mnakaa kochi moja, huyu akicheza yule anasubiri, mnapeana laptop mapajani. Mimi nimemwomba miaka miwili tucheze hata zamu kumi. Kumi tu! Ananiambia hawezi, akiiona ramani ile akiwa na mimi kifua kinambana. Nikamwonea huruma. Mimi, nikamwonea huruma!"

"Usipige kelele, utaamsha majirani."

"Ni saa nne asubuhi!"

"Basi piga." Mzee akauacha mto wake. "Sikiliza. Usimwendee na hasira, atakudanganya. Mwendee kama fundi. Mwombe faili la kampeni. Mchezaji aliyekwama hakatai kitu."

Larissa akaandika: "Kosa silioni vizuri. Nitumie na kampeni yenyewe niifungue huku."

"Sawa, bosi," Darcy akajibu na kibusu. Dakika haikuisha, faili likaingia.

Tuseme ukweli, sehemu ya moyo wake ilikuwa bado inatafuta njia ya kumtetea. Larissa alikuwa amemkatalia mwanaume huyu ndoa mara mbili, kwa woga tu wa kuachwa. Mara ya tatu, sikukuu ya mavuno, alimwambia ndiyo mbele ya mama yake. Wanawake wa kanisa walikuwa wameshafinya peroji mia nane, vile visambusa vya viazi vya karamu, na kuzijaza kwenye friza za ukumbi. Kama kulikuwa na maelezo, hata ya kijinga, Larissa alikuwa tayari kuyapokea. Alitaka kuolewa na mtu anayemwamini, basi, hakuomba kingine.

Akaifungua kampeni.

Ufalme ulikuwa mzuri, ndicho kilichomuuma kwanza. Maghala yamejaa. Miji kumi na minne. Kuta alizozichora yeye mwenyewe mwaka aliofiwa na baba, jiwe kwa jiwe, zimezunguka mji ambao mwanamke asiyemjua ndiye aliyeujenga. Akafungua ukurasa wa ukoo wa kifalme. Mfalme, malkia, na chini yao mrithi, mtoto wa kiume wa miaka kumi na mitano.

Mrithi aliitwa Danilo.

Larissa akasoma tena. Kwenye mod yake kulikuwa na orodha ya majina, mia nne na kumi na mawili, yote aliyaokota mwenyewe kwenye maandishi ya makaburi ya kale. Danilo hakuwemo. Si jina la Bosporo, si jina la zama zile kabisa. Ili Danilo awe kwenye ukoo ule, lazima mtu abonyeze pale kichanga kinapozaliwa, afute jina lililotolewa na gemu, aandike hilo kwa mkono, herufi kwa herufi.

Kosa nalo akaliona. Mtoto wa mfalme akitimiza miaka kumi na sita, gemu huenda kwenye orodha kulitafuta jina lake ili impe cheo. Ilimtafuta Danilo, ikamkosa, ikafa.

Novemba ya mwaka juzi, Larissa alikuwa na mimba ya miezi sita. Wa kiume. Walikubaliana aitwe Danilo, jina la babu yake Larissa, aliyemlea akiwa mdogo na kumfundisha kusoma ramani juu ya boneti ya lori. Mtoto alizaliwa bila kulia. Hawakumtangaza jina, hata padri hakuambiwa. Duniani pote walilijua watu wawili tu, na mmoja ndiye alikuwa amelala mahali fulani, anasubiri gemu yake itengenezwe.

Sasa ndipo akalia, paji la uso juu ya meza, mpaka akasikia kiu. Alipomaliza alinawa uso, akapiga simu.

"Umelipata kosa?" Darcy akapokea kwa uchangamfu. "Nilijua tu, wewe ni kiboko."

"Nimelipata. Ni jina."

"Jina gani?"

"La mrithi."

Uchangamfu ukakatika.

"Darcy, uko wapi?"

"Kambini, nimeshakwambia."

"Uko kwa Shawna."

"Shawna gani?"

"Mwenye laptop. Umenitumia logi, Darcy. Mstari wa kwanza. Miaka tisa unanitumia logi, hujawahi kuusoma mstari wa kwanza?"

Alisikia mlango ukifungwa taratibu. Mtu akijihamisha chumba ili asisikike.

"Lari, nisikilize. Si unavyofikiria."

"Sijakwambia ninavyofikiria."

"Ni rafiki. Yuko The Pas, mji wa njiani kutoka mgodini. Zile wiki tatu ninazokuaga kwenda mgodini... zamu yenyewe ya kazi ni wiki mbili. Ile ya tatu huwa napumzika hapa. Nilikuwa nachanganyikiwa, Lari! Nyumba yetu ilikuwa msiba mtupu. Nikikutazama namwona mtoto. Huku hakuna mtu anayelia."

"Kwa hiyo umekwenda kupumzika na gemu yangu."

"Ilitokea tu. Aliiona nikiicheza, akaipenda..."

"Nani aliandika Danilo?"

Upande wa pili bomba la maji likafunguliwa.

"Darcy, nakuuliza kwa mara ya mwisho halafu sikuulizi kitu kingine maisha yangu yote. Nani aliandika Danilo?"

"Yeye."

"Alilijulia wapi?"

"Lari, tafadhali."

"Alilijulia wapi!"

"Ana mimba," Darcy akasema, sauti imekwisha kabisa. "Miezi saba. Wa kiume. Aliniuliza nina jina, likanitoka. Sikupanga. Likanitoka tu."

Larissa aliishika meza. Kuna maneno mtu anayasikia na mwili unakataa kuyaruhusu yaingie. Yalikaa hapo mlangoni, hayaingii, hayaondoki.

"Na harusi?" aliuliza, akajishangaa kwamba ameuliza.

"Nilikuwa nakuja! Nilikuwa nakuja kufunga ndoa, nakuapia. Ningemwambia baada ya hapo. Wewe ndiye ninayekupenda, hata yeye..."

"Mpe simu."

"Nini? Hapana. Amelala."

"Hajalala. Mpe simu."

"Daktari kamwambia asishtuliwe!"

Kwa nyuma, mlango ukafunguliwa. Sauti ya mwanamke, nzito kidogo, yenye mashaka: "Unaongea na nani humo bafuni, Darcy? Nani asishtuliwe?"

"Ni yule wa mod, mpenzi. Gemu tu. Nakuja."

"Wa mod ndiye anakufanya utoe machozi? Lete hapa."

Palikuwa na mvutano mdogo, kisha pumzi nyingine karibu na simu.

"Haloo? Wewe ndiye yule mama wa Brandon?"

"Ndiye mimi."

"Samahani, Darcy aliniambia wewe ni mtu mzima sana. Sauti yako ya kijana."

"Nina miaka thelathini na sita. Naitwa Larissa. Jumapili ijayo nilikuwa naolewa na Darcy."

Mbwa alibweka mahali fulani huko The Pas, akanyamaza.

"Rudia," Shawna akasema.

"Tuna miaka tisa. Tunaishi nyumba moja. Viatu vyake viko hapa mlangoni."

"Aliniambia anaishi na kaka yake."

"Kaka yake yuko Alberta."

"Yesu wangu." Kisha, si kwenye simu: "Toka. Toka nje, Darcy. Nimesema toka, simama hata kwenye theluji!" Mlango ukabamizwa. Shawna akarudi, anahema. "Umepiga ili unitukane? Nitukane basi, umalize. Mimi sikujua. Naapa kwa huyu aliye tumboni, sikujua."

"Sijapiga kukutukana."

"Basi unataka nini? Unamtaka? Njoo umchukue. Njoo na lori."

"Simtaki. Nataka jina."

"Jina gani?"

Larissa akafumba macho. Hilo ndilo lililokuwa limebaki. Mwanaume kashakwenda, ukumbi umekwenda, gauni lilikuwa bado kwenye mfuko wake chumbani, nalo akaliona ni la mtu mwingine. Kimoja tu ndicho angeweza kukirudisha.

"Shawna, hilo jina la Danilo, alikwambia ni la nani?"

"La babu yake. Mkulima wa ngano. Aliniambia habari zake mpaka nikalia, jinsi alivyomfundisha kusoma ramani juu ya boneti ya lori."

"Ni babu yangu mimi. Danilo Hnatiuk. Ramani nilifundishwa mimi. Na ni mtoto wangu. Nilimzaa mwaka juzi, Novemba, akiwa amekufa. Tulimpa jina hilo tukiwa wawili tu kwenye kile chumba. Ndicho kitu pekee nilichonacho chake. Sina picha. Nilikataa picha, nikasema nitashindwa kuitazama, leo najuta. Nina jina tu. Nakuomba, dada yangu, nakuomba kwa heshima, mtafutie mwanao jina lingine."

Shawna alikuwa analia bila sauti, yale machozi ambayo mtu unayasikia puani.

"Majina yamejaa," Larissa akaendelea, haraka sasa. "Mimi mwenyewe nina mia nne kwenye orodha. Chukua lolote. Mwite jina la baba yako. Mwite chochote."

"Larissa."

"Naam."

"Nimemwita Danilo tangu Januari. Mpaka nesi anamjua. Baba yangu amelichonga kwenye kitanda." Akavuta pumzi. "Hayo yote ningeyafuta. Kitanda tungekipiga randa. Lakini sikiliza, sijui nikwambieje. Nikimwita, anaruka. Nikisema majina mengine, haruki. Mama yangu alisema ni mawazo yangu, akajaribu mwenyewe, akaita majina ya wajomba wote. Kimya. Akasema Danilo, mkono aliouweka tumboni ukapigwa teke. Analijua. Nifanyeje? Ningelitoa, naapa ningekupa. Ila yeye anaitika."

Larissa alikaa na simu sikioni. Nje gari la kusukuma theluji lilipita, likasukuma lundo lote mbele ya lango lake kama kawaida yao, likaenda zake. Alitaka kuchukia. Alimtafuta wa kumchukia kwenye ile simu, akamkosa. Aliyestahili alikuwa amesimama nje, The Pas, bila koti.

"Upo?" Shawna akauliza kwa woga.

"Nipo."

"Sema kitu."

"Wangu nilimwita," Larissa akasema polepole. "Walinipa nimshike saa moja nzima. Nikamwita jina lake, nikamwita, nikamwita. Mpaka nesi akafungua mlango, akaniambia inatosha, mama."

"Jamani."

"Kwa hiyo mwite."

"Larissa, sijasema..."

"Mwite. Wako anaitika. Mwite tu."

Shawna sasa alilia kwa sauti, kilio cha mtu mzito anayeogopa kuanguka. Larissa akamsubiri mpaka kikapungua. Akamwambia akae, anywe maji, ampigie baba yake, asimfungulie Darcy mpaka mzee afike. Akamwambia kampeni aiache, asiilazimishe, tatizo ni la orodha. Shawna akasema asante, na mara akaomba radhi kwa kusema asante. Wakaachana hivyo.

Ujumbe wa Darcy ukaingia papo hapo kwa namba ngeni: "Lari niko nje nimeazima simu ya jirani. Tuongee kama watu wazima. Nipe siku moja tu nikueleze."

Hakuujibu. Alimtumia Gord mstari mmoja, "Ni kweli yote, nitakupigia kesho," akaizima kompyuta. Akabaki ameketi jikoni, kahawa imeshapoa.

"Danilo," akaita kwa sauti.

Akangoja kidogo. Kisha akampigia mama yake, amwambie awapigie wanawake wa kanisa kwamba harusi haipo.